Kuseti kasi ya sampuli na vichujio kwenye dijitaiza ya matetemeko: mwongozo kamili kwa mfano wa kituo cha Natron

Julai 2007, ardhi iliyo kati ya Ziwa Natron na Mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, ilianza kutetemeka na haikutulia kwa wiki kadhaa. Tetemeko kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9, lilipiga tarehe 17 na likasikika mpaka Nairobi, ambako watu waliteremka mbio kutoka maghorofani. Mwanzoni mwa Septemba mlima wa volkano wa karibu, Ol Doinyo Lengai, ukalipuka. Kilichokuwa kikiendelea chini ni magma kujipenyeza kwenye mwamba na kuupasua, na kila mpasuko ulitoa mtetemo wake.

Mitetemo hiyo haifanani. Tetemeko kubwa husukuma ardhi polepole, kwa mawimbi marefu. Kipasuko kidogo ambacho hakuna binadamu anayekihisi hutoa mtetemo wa haraka unaokwisha ndani ya sekunde chache. Yote hupita kwenye kisanduku kimoja, dijitaiza, kinachogeuza umeme wa sensa kuwa namba, na fundi aliyeketi kivulini na laptopu mapajani ndiye anayeamua, kwa namba chache za kwenye menyu, upi utahifadhiwa na upi utapotea. Mwongozo huu ni wa fundi huyo.

Nitatumia kituo kimoja cha mfano kutoka mwanzo hadi mwisho: sismomita (sensa ya mtikisiko wa ardhi) ya mielekeo mitatu inayosikia hadi mawimbi ya sekunde 120, unyeti wake volti 750 kwa kila mita kwa sekunde, dijitaiza ya biti 24 inayopokea kuanzia volti −20 hadi +20, betri, paneli ya sola, na modemu ya laini ya simu. Kama vifaa vyako ni tofauti, hesabu ni zilezile, badilisha namba tu.

Msimamo wa kushika kabla ya yote

Rekodi kuu iwe ghafi na mfululizo, usiku na mchana, bila kichujio chochote cha ukanda, yaani kile kinachopitisha tu masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, Hz) yaliyo kati ya namba mbili. Kichujio cha ukanda kina kazi mbili tu kituoni: kuisaidia triga, sehemu ya dijitaiza inayohifadhi tukio pale inapolihisi, itambue tetemeko, na kukusaidia wewe kuona kwenye skrini. Ukikiweka kwenye rekodi yenyewe, kila kilicho nje ya ukanda huo kimekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Leo unatafuta vipasuko vya 5 hadi 15 Hz. Mwaka kesho mtu atataka mawimbi ya sekunde 20 ya tetemeko la mbali lililopita siku hiyohiyo, na hatayapata.

Nalisisitiza kwa sababu dijitaiza nyingi zinakuruhusu kufanya kosa hili kirahisi. Menyu inakuonyesha neno "kichujio" karibu na jina la chaneli, nawe unadhani kusafisha data ni jambo jema.

Hatua ya 1: Amua unataka kusikia nini

Usianze na menyu. Chukua daftari uandike vyanzo unavyovitarajia na masafa yake.

Matetemeko ya karibu, ndani ya kilomita 100 hivi, yana nguvu kubwa kati ya 1 na 20 Hz. Matetemeko ya mbali, kutoka bara jingine, mawimbi yake ya P, yale yanayotangulia kufika, huonekana vizuri kati ya 0.5 na 2 Hz, na mawimbi yake ya juu ya ardhi huwa na mzunguko wa sekunde 20 hivi, yaani 0.05 Hz. Volkano ina tabia zake: mipasuko ya mwamba hukaa juu ya 5 Hz, matukio ya mwendo wa gesi na magma hukaa kati ya 0.5 na 5 Hz, na mtetemo wa kudumu wa volkano unaangukia humohumo. Bahari nayo husikika kila mahali duniani. Mawimbi yake yanayogongana hutikisa sakafu ya bahari, na mtikisiko huo hufika mpaka bara ukiwa na mzunguko wa sekunde 5 hadi 8. Hata Natron utauona.

Kisha fikiria udogo. Kila tetemeko lina masafa ya kona, mahali ambapo nguvu yake huanza kuporomoka kuelekea juu. Kwa makadirio ya kawaida, tetemeko la ukubwa wa 3 lina kona karibu na 7 Hz, la ukubwa wa 2 karibu na 20 Hz, na kila unaposhuka ngazi moja ya ukubwa kona hupanda takriban mara tatu. Ndiyo maana mtandao unaotosha kwa matetemeko ya 5 unaweza usifae kabisa kuchunguza vipasuko vya 1. Hata hivyo, ardhi yenyewe hunyonya masafa ya juu kadiri wimbi linavyosafiri, hivyo faida ya kurekodi 60 au 70 Hz ipo pale tu kituo kikiwa karibu na chanzo na kimejengwa juu ya mwamba mgumu.

Hatua ya 2: Chagua kasi ya sampuli

Ukichukua sampuli 100 kwa sekunde, masafa ya juu kabisa yanayoweza kuwakilishwa ni 50 Hz, nusu ya kasi. Hicho ndicho kikomo cha Nyquist. Kwa vitendo hupati yote 50, kwa sababu kichujio cha ndani kinahitaji nafasi ya kushuka. Hesabu asilimia 80 ya kikomo: sampuli 100 hukupa 40 Hz za kuaminika, sampuli 200 hukupa 80, na sampuli 20 hukupa 8 tu.

Masafa yaliyo juu ya kikomo hayapotei yenyewe. Yasipochujwa kabla, yanajikunja na kurudi chini yakiwa na sura ya uongo. Umewahi kutazama feni ya darini chini ya taa ya tyubu ukaona mapanga kama yanarudi nyuma? Taa inawaka na kuzima, jicho linachukua sampuli chache mno, na mzunguko wa haraka unaonekana kama wa polepole. Ndivyo inavyotokea kwenye data. Jenereta ya dizeli inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutikisa ardhi kwa 25 Hz. Ukiichukua data ya sampuli 100 ukabakiza kila sampuli ya tano ili upate 20, bila kuchuja kwanza, ile 25 Hz itatokea kama 5 Hz, katikati kabisa ya ukanda wa matetemeko, na hakuna programu itakayoweza kuiondoa.

Dijitaiza yenyewe hailifanyi kosa hilo. Ndani yake inasoma kwa kasi kubwa sana, kisha inapunguza kwa hatua, na kila hatua ina kichujio chake: kwa mfano kutoka 2,000 hadi 200, kutoka 200 hadi 100, kutoka 100 hadi 20. Hatari iko kwetu sisi tunaopunguza data ofisini kwa kijiprogramu cha mistari mitatu. Ukitaka sampuli chache, ziombe kutoka kwenye dijitaiza, au tumia programu inayochuja kabla ya kupunguza.

Kwa kituo chetu nachagua 100 kama mkondo mkuu. Kama kituo kiko ndani ya kilomita 10 au 15 kutoka mahali vipasuko vinapotokea, naongeza mkondo wa 200 unaohifadhiwa kwenye memori kadi bila kutumwa. Naongeza pia mkondo wa sampuli 20 na wa sampuli 1. Huu wa mwisho haugharimu karibu chochote, na siku ukitaka kuangalia mawimbi marefu ya mwezi mzima utashukuru.

Sasa hesabu bando, maana vituo vingi huzimika mawasiliano kwa sababu hiyo kuliko kwa ubovu wa kifaa. Chaneli 3 mara sampuli 100 mara sekunde 86,400 ni sampuli milioni 25.92 kwa siku. Zikiwa baiti 4 kila moja, ni megabaiti 104 hivi. Mgandamizo wa Steim2 ndani ya faili za miniSEED, muundo wa kawaida wa data za matetemeko, huhifadhi tofauti kati ya sampuli moja na inayofuata, na tofauti zikiwa ndogo nafasi inapungua sana: kituo tulivu hutumia kama baiti 1 hadi 1.5 kwa sampuli, yaani megabaiti 26 hadi 39 kwa siku, karibu gigabaiti moja kwa mwezi. Lakini soma vizuri sentensi iliyotangulia. Ardhi ikianza kutikisika mfululizo, tofauti zinakuwa kubwa, mgandamizo unapungua, na bando linaisha wiki ileile unayolihitaji kuliko wakati wowote. Nunua mara mbili ya hesabu yako.

Kasi ina uhusiano pia na ucheleweshaji. Pakiti ya miniSEED ya baiti 512 hubeba takriban sampuli 400 za kituo tulivu. Kwa kasi ya 100, inajaa ndani ya sekunde 4. Kwa kasi ya 1, inajaa baada ya karibu dakika 7. Wenzetu wa Goma wanajua uzito wa dakika hizo: Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 Mei 2021, dalili za mitetemo zilitangulia kwa chini ya saa moja. Kwa tahadhari, tegemea mkondo wa kasi.

Hatua ya 3: Geini (ukuzaji wa ishara)

Biti 24 maana yake namba kati ya kama −8,388,608 na +8,388,607. Kwa volti 20 kila upande, kaunti moja, yaani hatua moja ya namba hizo, ni mikrovolti 2.38 (sehemu 2.38 za milioni za volti). Gawanya kwa unyeti wa sismomita, 750, upate kama nanomita 3.2 kwa sekunde kwa kaunti moja. Hapo unasikia kelele ya asili ya ardhi bila tabu, kwa hiyo geini iache kwenye 1. Upande wa juu, volti 20 gawanya kwa 750 ni milimita 26.7 kwa sekunde. Tetemeko la 5.9 lililo kilomita chache kutoka kituoni litapita hapo na rekodi itakatwa kichwa. Dawa yake ni kuweka sensa ya mtikisiko mkubwa pembeni, yaani akselerometa, kwenye chaneli nyingine. Kuishusha geini ya sismomita kwa hofu ya tetemeko hilo ni kujinyima maelfu ya madogo.

Jiofoni ya 4.5 Hz, sensa isiyosikia mawimbi marefu, ni habari nyingine. Unyeti wake huwa kama volti 28.8 kwa mita kwa sekunde, na kwa geini ya 1 kaunti moja ingekuwa nanomita 83 kwa sekunde, nyingi mno kwa usiku mtulivu. Geini ya 32 inakurudisha kwenye nanomita 2.6. Andika geini hiyo kwenye daftari palepale. Ikisahaulika kwenye maelezo ya kituo, kila ukubwa wa tetemeko utakaokokotoa utakosea kwa 1.5.

Hatua ya 4: Vichujio vya ndani

Vile vichujio vya kupunguza sampuli huja kwa aina mbili. Aina ya kwanza inachelewesha masafa yote kwa muda uleule, na dijitaiza hurekebisha saa ili wimbi likae mahali pake. Umbo la wimbi halipotoki. Ila kichujio hicho kina ulinganifu wa mbele na nyuma, hivyo wimbi la P linaloanza ghafla huonekana likitanguliwa na vikunjo vidogo vyenye masafa yaliyo karibu na kikomo. Mgeni huvichukulia kuwa ndio mwanzo wa P na kusoma mapema. Aina ya pili haitangulizi kitu, lakini inachelewesha masafa tofauti kwa muda tofauti, na umbo linapotoka.

Kama dijitaiza yako inakupa uchaguzi, chukua ya kwanza kwa rekodi kuu, na uwafundishe wasomaji wa data kuvitambua vikunjo hivyo: ni vya haraka mno, vinakua kuelekea P, na vina masafa yaleyale kila tetemeko kali. Ukiwa na mkondo wa 200, utaviona vimehama juu na kufupika. Hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuthibitisha.

Halafu kuna kichujio cha kuondoa mkao wa sifuri, kinachopitisha masafa ya juu tu. Watu hukiwasha kwa sababu wanaona mstari umekaa kwenye kaunti 12,000 badala ya 0 na wanachukia. Kizime. Mkao huo hauharibu chochote, na ukihama polepole unakwambia kuwa sensa inainama au joto linaingia kwenye shimo. Programu yoyote ya uchambuzi inauondoa kwa amri moja.

Hatua ya 5: Ukanda wa triga

Hapa ndipo kichujio cha ukanda kinapofanya kazi yake halali, na hapa ndipo nilipoumia.

Triga hupokea nakala ya data, inaichuja, kisha inapima. Swali ni moja: ni ukanda upi ambao tetemeko unalolitafuta linaipita kelele ya mahali hapo kwa mbali zaidi? Kwa vipasuko vya Natron, ukanda wa 2 hadi 15 Hz ni mwanzo mzuri. Chini ya 2 kuna bahari na upepo. Juu ya 15 kuna bodaboda, mashine ya kusaga na pampu ya maji. Kwa mitetemo ya gesi na magma, tumia 0.5 hadi 5. Kwa matetemeko ya mbali, 0.5 hadi 2. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea karibu kilomita 500 kutoka Natron. Wimbi lililosafiri umbali huo limeshaacha masafa yake mengi ya juu njiani, na triga iliyosetiwa kwa 10 Hz na kuendelea inaweza kuliacha lipite.

Usiufanye ukanda kuwa mwembamba. Kichujio chembamba hulia kama kengele: ukikigonga na kelele fupi, kinaendelea kucheza, na triga inakiona kama tetemeko. Namba ya juu iwe angalau mara tatu ya namba ya chini. Kwa aina, Butterworth ya daraja la 4 kila upande inatosha. Inashusha desibeli 24 kwa kila oktavi, yaani masafa yakipungua nusu chini ya kona, mtetemo unapungua kama mara 16. Daraja la 8 linapendeza kwenye mchoro lakini linalia zaidi.

Sasa mkasa wangu. Kuna dijitaiza zisizokuuliza namba za Hz. Zinakupa orodha ya kanda kwa asilimia ya kikomo cha Nyquist: 10 hadi 90, 20 hadi 90, na kadhalika. Kituo nilichokihudumia kilikuwa na sampuli 100 na ukanda wa asilimia 10 hadi 90, yaani 5 hadi 45 Hz, na kilikuwa kikishika matetemeko ya eneo lake vizuri. Nikaenda nikapandisha kasi hadi 200 nikidhani naboresha. Sikugusa triga. Asilimia zilibaki zilezile lakini maana yake ilihama: sasa ni 10 hadi 90 Hz. Matetemeko ya kilomita 50 na 60, yenye nguvu nyingi chini ya 10 Hz, yakaanza kupita bila kushikwa, na badala yake tukapata mafaili ya kelele ya umeme wa 50 Hz. Rekodi ya mfululizo haikuwepo, kwa kuwa kituo kilisetiwa kuhifadhi matukio ya triga pekee. Wiki tatu zile siwezi kuzirudisha.

Dawa niliyojifunza ni kuiunganisha triga na mkondo wa sampuli 20 badala ya mkondo mkuu. Asilimia 10 hadi 90 ya kikomo cha 10 Hz ni 1 hadi 9 Hz, ukanda mzuri sana kwa matetemeko ya eneo. Na ukija kubadilisha kasi ya mkondo mkuu, triga haihami.

Hatua ya 6: Namba za triga

Triga ya kawaida inalinganisha wastani wa muda mfupi na wastani wa muda mrefu. Anza hivi: mfupi sekunde 0.5 hadi 1, mrefu sekunde 60, uwiano wa kuwasha 4, wa kuzima 2. Hifadhi sekunde 30 kabla na 60 baada. Sekunde 30 za kabla si anasa: bila kelele ya kabla ya P huwezi kujua wimbi limeanzia wapi. Kwa ukanda wa 0.5 hadi 2, refusha wastani mfupi hadi sekunde 2 au 3, maana nusu sekunde haitoshi hata wimbi moja la 0.5 Hz.

Iache kwa siku mbili kisha hesabu. Kama inawaka mchana kutwa na kulala usiku, tatizo ni watu na upepo. Inua kona ya chini au uwiano. Kama haikushika hata kimoja ambacho unakiona kwa macho kwenye rekodi ya mfululizo, shusha uwiano hadi 3.

Mambo mawili triga haiwezi, hata uisetije. Kwanza, matetemeko yakifuatana bila pumzi, kama yale ya 2007, wastani mrefu nao unapanda, uwiano unashuka, na triga inakuwa kiziwi katikati ya zogo. Pili, mtetemo wa volkano unaokua pole kwa saa nzima hauiwashi kabisa, kwa sababu wastani wote wawili hupanda pamoja. Kwa hilo kokotoa ukubwa wa wastani wa mtetemo kila dakika 10, uchore mstari, uutazame. Vyote viwili vinahitaji rekodi ya mfululizo.

Na saa ya triga usiitumie kama saa ya P. Kichujio cha triga kinachelewesha, na wastani unachelewesha tena.

Hatua ya 7: Majina na maelezo ya kituo

Herufi ya kwanza ya jina la chaneli hutokana na kasi ya sampuli na aina ya sensa. Kwa sismomita yetu, sampuli 1 ni L, sampuli 20 ni B, sampuli 100 ni H. Kwa hiyo LHZ, BHZ, HHZ kwa mwelekeo wa wima. Tahadhari: H inashika kuanzia 80 hadi chini ya 250, hivyo mkondo wa 100 na wa 200 vyote ni HHZ. Ukivituma na jina moja, seva itavichanganya na faili itakuwa takataka. Upe wa 100 namba ya mahali 00 na wa 200 namba 10. Kwa jiofoni, ambayo haisikii mawimbi marefu, herufi ni E badala ya H, na S badala ya B.

Kila unapobadilisha kasi, geini au kichujio cha ndani, fungua kipindi kipya kwenye maelezo ya kituo, chenye tarehe na saa ya UTC. Usifute cha zamani. Geini iliyozidishwa kwa mbili bila kuandikwa inapotosha ukubwa kwa 0.3; iliyozidishwa kwa kumi, kwa 1.0 kamili.

Hatua ya 8: Hakiki kabla ya kufunga kisanduku

Angalia GPS kwanza. Saa ikiwa haijashika, namba nyingine zote hazina maana: kwa kasi ya P ya kilomita 6 kwa sekunde, kosa la sekunde moja ni kilomita 6 za ramani. Kisha simama mita tano kutoka kwenye sensa, kanyaga ardhi mara tatu, subiri, kanyaga tena mara tatu. Lazima uone vilele sita kwenye chaneli ya wima, na triga iwake.

Ondoka eneo lile, iache sensa itulie usiku mmoja, halafu chora spektra (mchoro wa nguvu ya mtetemo kwa kila masafa) ya saa nane hadi saa kumi usiku. Ilinganishe na mistari miwili ya kelele ya dunia iliyotolewa na Peterson mwaka 1993: data yako ikae katikati yake. Tafuta nundu karibu na 0.2 Hz. Hiyo ni bahari. Ikikosekana kwenye sismomita ya sekunde 120, kuna kichujio kimewashwa mahali fulani au sensa imefungwa bado. Ukiona ukingo umekatika wima kwenye 8 Hz wakati umeomba sampuli 100, unatazama mkondo wa 20 bila kujua. Mwiba mwembamba kwenye 25 Hz ni jenereta ya mtu. Mfuate, umuulize huwa anaiwasha saa ngapi, uandike.

Kwenye skrini chuja upendavyo, ila fahamu kwamba kile kichujio kinachopita mbele kisha nyuma ili kisicheleweshe, husogeza nguvu kidogo kabla ya P. Kitumie kutazama. Unaposoma P, rudi kwenye data ghafi au kichujio cha mwelekeo mmoja.

Mwisho pakua faili la mpangilio wa dijitaiza, lihifadhi kwenye laptopu na kwenye flashi, na uandike kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi moja: kasi za mikondo yote, geini, mkondo wa triga na ukanda wake kwa Hz, tarehe, na jina lako. Itie kwenye mfuko wa plastiki, uiweke ndani ya kisanduku juu ya betri. Wino unaweza kufifia kwa joto la Natron, risasi hubaki. Rudi au piga simu baada ya siku saba uangalie idadi ya megabaiti kwa siku dhidi ya hesabu yako ya bando.